Mwanaume wa Dirma

Tumati, Mbulu
9 Februari 2025

Kwa Bibi Fausta, Getanuwas.

Shikamoo Bibi.

Hunijui, kwa hiyo nianze kwa kujieleza kabla karatasi hii haijaishia jikoni kuwashia moto. Naitwa Hilda, binti wa Evarist na Justina wa Tumati, wakulima wa ngano na vitunguu saumu. Nasoma shahada ya pili ya sayansi ya siasa Dodoma, na sasa niko nyumbani naandika tasnifu. Katekista Isidori wa huko kwenu ni mjomba wa mama. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba hupendi kuongea kwa simu, na kwamba ujanani, ulipokuwa umeolewa Dirma, uliishi boma moja na Mmarekani aliyeitwa Marian Vosburgh.

Bibi, niliposikia hivyo sikumaliza chai yangu. Huyo Profesa Vosburgh alifariki miaka mitatu iliyopita, na duniani kote wanaosoma siasa wanamsoma. Zamani wataalamu walidhani kwamba penye serikali lazima pawe na mfalme, ofisi na polisi. Yeye akaja Hanang mwaka 1969, akakaa, kisha akaandika kwamba watu wanaweza kujitawala bila hata mmoja kukalia kiti. Mfano wake mkubwa ni baraza la wanawake wa Dirma. Anasema hivi: "Mwanaume mmoja mgeni aliwakosea wanawake. Walikutana, wakamhukumu atoe dume moja jeusi la ng'ombe, naye akalipa." Basi. Hasemi ni nani, wala alikosa nini. Wasomi wamebishana miaka na miaka.

Je, unamkumbuka mama huyo? Alikuwa mtu wa namna gani? Na yule mwanaume alikuwa nani? Nauliza kwa kutaka kujua tu.

Barua nampa Yonas, anayepeleka vitunguu mnadani Katesh. Jibu likiwepo, mpe yeye.

Mjukuu wako,
Hilda Evarist


Getanuwas
23 Februari 2025

Kwa Hilda wa Tumati.

Marahaba mjukuu. Anayeandika ni binti yangu Glory, mimi nasema tu. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinitengenezee.

Simu ni ya kuuliza bei ya ng'ombe. Neno la maana nataka nilishike mkononi. Nashangaa Mmbulu kunitafuta mimi, maana ninyi mkisikia Mmang'ati kama mimi mnaingiza ng'ombe ndani. Lakini babu zetu walishagombana wakachoka, acha sisi tuandikiane.

Namkumbuka Mariamu. Ndivyo tulivyomwita. Miguu mikubwa, suruali ya rangi ya majani makavu, na kucheka kwa sauti mpaka ndama wanashtuka. Maziwa ya kwenye kibuyu yalimshinda wiki ya kwanza, ya pili akawa anaomba aongezewe. Alikuja kuuliza habari za utawala, kwa hiyo wanaume wakampa kigoda akae nao. Alikaa hapo kila siku, anakunywa nao pombe ya asali, anaandika. Sisi wanawake tulipita na maji yetu. Jioni alikuja kwangu, maana tulilingana umri, akanifundisha kuhesabu kwa Kiingereza nami nikamfundisha kukamua. Ng'ombe alimpiga teke, hakuacha.

Sasa sikia. Mimi si redio, iwashwe isikilizwe tu. Jibu kwa jibu. Mimi pia nina swali langu, na nimelala nalo tangu wewe hujazaliwa.

Mariamu aliona jambo ambalo hakutakiwa kuliona. Aliapa mbele ya wanawake kwamba hatalisema wala kuliandika. Hawakumwamini, ni mgeni. Mimi nikasimama nikamdhamini kwa kichwa cha mtu: akilitoa nje, ubaya umrudie mtu huyo. Kisha Mariamu akaenda kwao. Mtu niliyemtaja amepata mabaya mengi maishani. Kila baya likija najiuliza: Mariamu amesema? Mimi Kiingereza chake kiliishia kumi. Sina wa kumwuliza.

Wewe unacho kitabu. Soma uniambie, ndani yake kuna mama anayejifungua? Usiniulize kwa nini. Jibu tu.

Yule mwanaume namjua vizuri sana. Hakuwa na mke.

Fausta

(Nami Glory nakusalimu dada. Mama hajawahi kunisimulia haya. Leo nayasikia pamoja na wewe.)


Tumati
2 Machi 2025

Bibi, shikamoo. Dada Glory, habari za huko.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama njiani. Yonas akauliza kama kuna msiba.

Nakujibu kwa haki: hapa Tumati nina kopi za sura tatu tu. Kitabu kizima kiko maktaba Dar es Salaam. Katika sura hizo tatu nimetafuta mstari kwa mstari, hakuna mama anayejifungua. Hakuna hata mtoto mchanga. Sura nyingine sijaziona, na sitaki kukudanganya.

Lakini Bibi, umenifungua macho! Nimesoma kwamba kwenu mwanaume haruhusiwi kukaribia nyumba ya mama aliye katika uchungu, na akithubutu wanawake humkalia baraza. Basi ndilo kosa lake! Mwanaume mgeni, hana mke, hajui mila, akaingia. Nimepanga watatu. Wa kwanza ni padre wa Kizungu, maana hana mke. Wa pili daktari wa misheni, labda aliitwa kusaidia. Wa tatu bwana mifugo aliyedhani anaitwa kuzalisha ng'ombe, na huyu ndiye ninayempenda zaidi. Niambie tu nimekaribia au nimepotea.

Na Mariamu alijuaje? Bila shaka naye alikuwepo, akamwona huyo mwanaume ndani.

Dk. Sylvester, msimamizi wangu, amefurahi mno nilipompigia. Anasema nikipata jina la mwanaume na kosa lake, tasnifu yangu itasomwa mpaka Amerika, na nafasi ya kufundisha chuoni haitanipita. Nautetea utafiti wangu mwezi wa sita.

Mjukuu wako mwenye haraka,
Hilda


Getanuwas
16 Machi 2025

Hilda,

Barua ya kwanza ulisema unauliza kwa kutaka kujua tu. Ya pili kuna daktari anafurahi Dodoma na kazi inakusubiri. Ulimpigia simu hata kabla hujanijibu mimi. Mwenye haraka ndivyo ulivyosaini, na kweli umejitaja.

Padre, daktari, bwana mifugo. Kwa wote watatu umepotea. Ninyi mliosoma mkiambiwa mwanaume mnatafuta ndevu.

Sitasema neno lingine mpaka usome kitabu chote. Chote. Na nitakuambia sababu, ili usidhani ni ukorofi wa kizee. Nyumba ile ilikuwa yangu. Mama aliyejifungua ni mimi, uzazi wa kwanza, Dirma. Na mtu niliyemdhamini Mariamu kwa kichwa chake ni mtoto aliyezaliwa siku hiyo. Ndiye anayekuandikia.

(Dada Hilda, hapa niliweka kalamu chini. Nimetoka nje, nimeangalia mbuzi, nimerudi. Mama ananiambia niendelee.)

Glory alipozika watoto wake wawili, nilisema, Mariamu amesema. Mume wake Margwe alipopigwa na radi malishoni, nilisema tena, Mariamu amesema. Sikumwambia mtu. Mchungaji wangu ananiambia hakuna laana mbele za Mungu, namwitikia amina, halafu narudi nyumbani na kuuliza tena. Nilimpenda yule mwanamke, Hilda. Kumchukia mtu uliyempenda, tena bila kujua kama ana kosa, kunachosha kuliko kulima.

Soma kitabu.

Fausta


Dar es Salaam
11 Aprili 2025

Bibi Fausta mpendwa, shikamoo.

Nisamehe. Ulinikamata na sina pa kujificha. Nilianza kwa kutaka kujua, halafu kutaka kupata kukaja kukakaa juu yake. Dada Glory, pole. Sijui maneno mengine.

Nimekisoma chote. Nilikaa maktaba mpaka mlinzi akanizoea akawa ananitunzia meza. Nimesoma hata maelezo madogo ya chini ya kurasa. Bibi, hakuna. Hakuna mama anayejifungua, hakuna nyumba ya mzazi, hakuna jina lako wala la mtoto. Hakusema.

Ila sikuridhika, nikawaza, huenda alisema kwa mdomo. Nikamtafuta mzee mmoja Mmarekani aliyekuwa mwanafunzi wake, tukaongea kwa video. Yeye amenisimulia maisha yote ya profesa, nami nakupa wewe, maana una haki nayo kunizidi.

Aliporudi kwao alikuwa mwanamke wa kwanza kufundisha siasa katika chuo chake. Kwenye vikao vya maprofesa walimwambia awamiminie kahawa. Wenzake walikuwa na klabu ya kula chakula cha mchana ambayo wanawake hawakuruhusiwa, na mambo yote ya idara yalikatwa huko. Hakuolewa. Alifuga paka na kupanda nyanya.

Kitabu kilipokamilika, kamati ya chuo chake ilisema ni kizuri lakini kina tundu: mwanaume alihukumiwa kwa kosa gani? Mtaalamu gani anaandika hukumu bila kosa? Wakamtaka alitaje ndipo apandishwe cheo. Akawajibu neno moja, "Sijaruhusiwa." Wakadhani ni serikali yetu iliyomzuia, wakajitolea kumwombea kibali Dar es Salaam. Akasema walio na ruhusa hiyo hawana ofisi. Mmoja aliandika gazetini kwamba ameitunga hadithi yote. Cheo wakamnyima. Alikaa zaidi ya miaka kumi anafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na vijana aliowafundisha wakampita. Neno moja tu lingemtoa hapo. Kila mwaka walimwuliza, naye kila mwaka akawajibu vilevile.

Kitabu kilipotoka hatimaye, kikawa kikubwa kuliko wao. Leo wanafunzi wake wako kila bara. Wote wanajua sentensi yake moja, nasi tuliikariri Dodoma: "Kabla hujauliza nani anatawala, jiulize wewe mwenyewe umeketi upande gani." Hakuna anayejua aliitoa wapi.

Nilimwuliza huyo mzee kama profesa aliwahi kumtaja mtu yeyote wa Dirma. Akasema alipokuwa anaumwa, karibu na mwisho, alikuwa anahesabu kwa Kiingereza, moja mpaka kumi, polepole, kama anayemfundisha mtu. Wauguzi walidhani ni homa.

Sikuulizi tena habari za mwanaume.

Hilda


Getanuwas
4 Mei 2025

Mjukuu wangu Hilda,

Glory alinisomea barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilimwambia arudie. Mara ya pili nililia, na kulia kwenyewe kulikuwa kwa sauti, majirani wakaja. Mara ya tatu nilimwambia Glory, njoo hapa, nikamshika kichwa chake kwa mikono miwili, mtu mzima mwenye mvi.

Hakusema. Na mimi miaka yote hii namnung'unikia, kumbe yupo huko anamiminishwa kahawa kwa ajili yangu.

Sasa lipo jibu ninalodaiwa. Wewe umeacha kuuliza, ndiyo maana nakuambia.

Siku ile nilikuwa na uchungu tangu asubuhi, na wanawake wamejaa ndani. Mariamu alikuwa kwenye kigoda chake kwa wanaume. Akanisikia ninapiga kelele. Akaacha daftari, akaja mbio, akaingia moja kwa moja, na kikombe cha pombe ya wanaume mkononi. Akaona alichoona. Wanawake wakamtoa.

Kesho yake wakaitana, ndiyo girgwageda, baraza letu. Walikuja na fimbo zao kutoka boma zote. Wanaume wakakaa mbali, maana hapo hawana neno. Mariamu akajitetea, akaongea sana, mimi nimelala na mtoto nasikia. Akasema, mnanihukumu vipi, mimi ni mwanamke! Akina mama huingia!

Mama mkwe wangu ndiye aliyemjibu. Akamwambia: "Mwanamke kwa nani? Umefika hapa, hukutusalimu sisi kwanza. Umeketi na wanaume, umekunywa chao, umeuliza yao. Tunapita na maji huinui macho. Miezi yote hii umekuwa mwanaume na tukakuacha. Leo unakuwa mwanamke kwa sababu ya dume jeusi?"

Mariamu akacheka kile kicheko chake, halafu akalia. Wakahukumu: mwanaume mgeni ameingia nyumba ya mzazi, atoe dume jeusi. Akalitafuta mpaka Basotu, akalileta mwenyewe kwa kamba, linamburuta, suruali imechanika gotini. Akaapa, nami nikamdhamini kama nilivyokuambia.

Dume lilipochinjwa, mama mkwe akatandika ngozi yake upande wetu wanawake, akamwambia, sasa kaa hapa. Hakurudi kwenye kigoda tena. Akakaa nasi mpaka alipoondoka. Kitabu chako chote, Hilda, kimetoka kwenye ngozi ile.

Kwa hiyo hakudanganya alipoandika mwanaume. Baraza lilisema ni mwanaume, naye aliliheshimu baraza. Maskini Mariamu. Kwao walimwona mwanamke wa kahawa, kwetu tukamwona mwanaume wa pombe. Dunia nzima ilikuwa na ngozi moja tu ya kumkalisha vizuri.

Lakini sikiliza. Haya nimekupa wewe, si kitabu chako. Kuyaandika si ruhusa yangu peke yangu. Nitawauliza wanawake. Baraza haliitwi kama teksi, litakaa litakapokaa.

Fausta

(Dada, mama analala usingizi sasa. Anakoroma. Zamani hakuwa anakoroma. Glory.)


Dodoma
20 Juni 2025

Bibi, shikamoo.

Jana nilitetea tasnifu. Mtahini wa kwanza aliniuliza, "Mwanaume wa Dirma ni nani, na alikosa nini?" Dk. Sylvester akanitazama huku anatabasamu, maana alijua nimepata.

Nilisimama na jibu mdomoni, Bibi. Lilikuwa zito na tamu kama asali. Nikasema, "Sijaruhusiwa."

Mtahini akaandika kitu. Msimamizi wangu hajanisemesha tangu jana. Wamenirudishia kazi nikaifanye upya, na nafasi ya kufundisha wamempa mwingine. Nimelia chooni, sikufichi. Lakini usiku nililala, nami sikumbuki mara ya mwisho nililala hivyo.

Hilda


Getanuwas
17 Agosti 2025

Kwa Hilda wetu,

Barua yako niliibeba mpaka barazani Dirma. Wanawake walikutana huko kwa ajili ya kesi nyingine, ya mtu aliyempiga mkewe akiwa matangani, na ilipokwisha nikasimama na fimbo yangu. Nikawasimulia habari za Mariamu, cheo alichokosa, na neno alilolishika. Wengi walikuwa hawajazaliwa. Kisha Glory akasoma yako, fupi ile. Alipofika kwenye "sijaruhusiwa" wakaguna wote pamoja, kama tunavyoguna jambo likikubalika.

Wakaamua hivi. Kwamba mwanaume wa Dirma ni Mariamu, andika. Kosa lake kwamba aliingia nyumba ya mzazi, andika. Jina langu, andika, nimezeeka sitaki kujificha. Andika pia kwamba hukumu ilikuwa ya haki. Ila alichokiona ndani hakitoki. Mwalimu wako akitaka kukijua, aje mwenyewe, na aje na dume jeusi kabisa.

Wamesema pia uje, sherehe ijayo. Uvae suruali au gauni, hiyo ni juu yako. Ila ukifika, wanaume watakuletea kigoda, ni watu wa heshima. Washukuru, halafu upite. Mahali pako pametandikwa.

Bibi yako,
Fausta

(Dada Hilda, haya ni yangu, mama yuko zizini. Jana tulipokuwa tunakamua nilipata ujasiri, nikamwuliza: "Mama, mimi ndiye niliyezaliwa humo ndani. Mariamu aliona nini?" Aliendelea kukamua mpaka kibuyu kikajaa. Kisha akaniambia, "Glory, nimekaa miaka hamsini na sita naogopa Mzungu atasema, naye amekufa nalo. Leo unataka nishindwe mimi?" Nikaanza kucheka. Naye akacheka, kwa sauti kubwa, ndama wakashtuka.)